Pengo Katika Sauti ya Pili

Vijana wa kwaya, marahaba. Shikamoo zenu zimenifikia pamoja na habari kwamba kanda yetu ya zamani mmeihamishia kwenye kompyuta, mmeisafisha makwaruzo, na kwamba "ile kasoro ya upande wa akina mama" mmekwisha kuirekebisha. Nimetanguliza kuitikia salamu kwa kuwa sikulelewa kugombana na mtu kabla ya kusalimiana naye. Sasa tumesalimiana.

Haikuwa kasoro.

Yapo mambo mawili ninayotaka kuyaweka sawa wakati kichwa changu bado kinafanya kazi. La kwanza ni dogo. Katika risala ya jubilei ilisomwa kwamba zile spika mbili za pembe zilizomo stoo ya kanisa "zililetwa kutoka Ulaya kama msaada". Nilikuwa nimeketi mbele, nikainua mkono, nikaelezwa kwa heshima kwamba risala haiulizwi maswali. Basi najibu leo: zilitengenezwa hapa hapa mjini, mtaa wa Gongoni, kwa mbao za mninga, na Fundi Salum, mtu ambaye hakuwahi kupanda meli maishani mwake. La pili ni lile pengo kati ya waimbaji wawili wa sauti ya pili, ambalo ninyi mmelijaza kwa kuwavuta wale majirani wawili wakakutana. Ili niwaeleze kwa nini pengo lile lipo, itanibidi niwaeleze kazi yangu kidogo. Mnivumilie.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilikuwa mtunza mitambo ya sauti katika ofisi moja ya serikali hapa Tabora. Tulikuwa na gari la matangazo, spika za mikutano, na karakana yenye harufu ya risasi ya kulehemu. Spika zetu zote zilikuwa za pembe, kwa sababu iliyo rahisi kuielewa: kiwambo kidogo cha spika kikitetemeka peke yake hewani, nguvu yake nyingi hupotea, lakini ukikiwekea pembe inayoanza na koo jembamba na kupanuka pole pole hadi mdomoni, hewa yote iliyomo hushikwa na kusukumwa kwa pamoja. Amplifaya ndogo inatosha. Tena pembe haimwagi sauti ovyo. Inaielekeza.

Hilo la kuelekeza nilijifunza kijijini Puge, mbele za watu. Tulikwenda kutangaza chanjo ya mifugo, nami, kwa kuwa mkutano ulihusu ng'ombe, nikaielekeza pembe upande wa zizi bila kufikiri, wenye ng'ombe wakiwa wamekaa pembeni. Tangazo lilipoanza, zizi lilivunjika. Ng'ombe walitawanyika hadi mtoni, na watu pembeni hawakupata hata sentensi moja kamili. Mzee mmoja alinijia akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Bwana, umewatangazia ng'ombe wenyewe," akasema. "Nao umeona. Wamekataa."

Tangu siku ile sikuelekeza pembe mahali popote kabla ya kujiuliza nani ameketi wapi. Kama mtasahau yote niliyoandika hapa, shikeni hilo.

Mkuu wa karakana yetu alikuwa Mwingereza mpole, mpenda muziki. Sebuleni kwake aliweka spika mbili za pembe na mashine ya kurekodi ya njia mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kitu kigeni kabisa wakati huo. Aliponiita mara ya kwanza nisikilize, nilishtuka. Sikusikia sauti ikitoka kwenye masanduku. Nilisikia watu wamesimama mbele ya ukuta: huyu kushoto, yule kulia, mpiga ngoma nyuma yao hatua kadhaa. Yeye alikuwa na neno lake la Kiingereza kwa jambo hilo; sisi karakanani tulisema "baraza la sauti", maana kila mtu alikuwa na mahali pake pa kukaa. Masharti yake yalikuwa mawili: spika zitazame mbele moja kwa moja, na msikilizaji awe katikati. Sebule yake ilikuwa na kiti kimoja. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba masharti yale yalitungwa na watu wanaosikiliza peke yao.

Sasa nifike kwa Mwalimu Mihayo. Wengine mmelisoma jina lake kwenye kibao cha ukumbusho. Mimi nilimjua akiwa kiongozi wa kwaya, mrefu, mwenye koti moja na aibu nyingi. Alikuja karakanani siku ya kazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara ya pili.

"Ndugu yangu," akasema, "ile mashine uliyonisimulia inaweza kumwonyesha mtu nani amesimama wapi, bila kumwambia?"

Nikamwambia inaweza, ikitendewa haki.

"Basi nina shida nayo."

Shida ilikuwa hii. Mkewe, Tabitha, ambaye wote tulimwita Mama Kulwa, alikuwa ameugua moyo. Daktari alimkataza kutembea, na kanisa lilikuwa mbali na nyumba yao ya Gongoni. Mama huyu aliimba sauti ya pili tangu usichana wake, kati ya Raheli na Yunis, hajawahi kusimama mahali pengine. Na kila Jumapili mumewe akirudi, kabla hajavua koti, aliulizwa swali moja: "Nani amesimama pale pangu?"

"Namjibu hakuna," akasema Mwalimu. "Na ni kweli, hakuna. Lakini ananiambia, 'Mume wangu, wewe unanidanganya kwa huruma.' Ameacha kula vizuri. Anaamini wameshaziba. Nikimwapia, anageukia ukutani."

Ilikuwa desturi ya kwaya ile kwamba nafasi ya mgonjwa haizibwi. Mimi sikuijua, na ndiyo maana nilipata aibu siku ya kurekodi. Mkuu wangu alituazima mashine yake, nami nikaweka maikrofoni mbili mbele ya kwaya kanisani, nikavaa vipokea sauti masikioni, nikaona safu ya akina mama imeachana.

"Akina mama, sogeleaneni kidogo," nikasema. "Kuna uwazi hapo kati."

Yunis, ambaye alikuwa mwembamba kama wembe na ulimi wake hivyo hivyo, akanitazama. "Hapo pana mtu."

"Sioni mtu, mama."

"Humwoni kwa kuwa anaumwa. Sisi tunamwona."

"Lakini kanda itaonyesha shimo!"

"Ionyeshe," akasema Raheli. "Wewe si ulisema mashine yako inasema kweli?"

Kwaya nzima ilicheka, Mwalimu peke yake hakucheka. Tukarekodi hivyo. Nyimbo tano, uwazi ukiwepo katika kila wimbo.

Kanda ilipatikana, lakini tulikosa cha kuisikilizia. Spika za mkuu wangu zilijengewa ukutani kwake na hazikubanduka. Ndipo nilipomfuata Fundi Salum na mchoro.

Salum aliutazama mchoro kwa muda, akaugeuza juu chini. "Hii ni barghumu," akasema. Babu yake alitoka Ujiji na misafara, kazi yake kutangulia mbele na kupuliza pembe ya mnyama ili walio nyuma wajue njia ilipo. "Ninyi Wanyamwezi mlibeba mizigo, sisi tulibeba pumzi."

"Ndiyo maana sisi tulifika na mali," nikamjibu, "ninyi mkafika na kiu."

"Na kiu hiyo hamjaitibu mpaka leo. Agiza chai, tuanze."

Tulianza vibaya. Pembe ya kwanza aliichonga kwa mninga, ya pili kwa mbao laini zilizobaki kwenye kitanda cha mteja. Kwa macho zilikuwa mapacha. Tulipozijaribu, mwimbaji mmoja alianza ubeti upande wa kushoto, na kila alipopanda juu alihama kuelekea kulia kama mtu anayekwepa jua. Mbao laini zilikuwa zinatetemeka zenyewe na kula baadhi ya sauti. Pembe mbili zikitofautiana, kila noti inapata mahali pake tofauti, na mwimbaji hana pa kusimama. Salum akaivunja ile ya pili, akachonga nyingine kutoka gogo lile lile la mninga. Alilainisha ndani mpaka kiganja kikateleza, akaziba kila kiungo kwa gundi, akajaza mchanga mkavu kati ya kuta za sanduku ili zisiimbe.

Kosa lingine lilikuwa langu. Kila spika ilikuwa na pembe mbili: kubwa ya sauti nene, ndogo ya sauti nyembamba. Nilizipanga midomo ikiwa sawasawa kwa mbele, zikapendeza kama kabati. Lakini pembe kubwa ni ndefu, kiwambo chake kiko nyuma sana, hivyo sauti yake ilichelewa. Salum alisikiliza akakunja uso: "Huyu mwanamume meno yake yako hapa, kifua chake kiko jikoni." Nikairudisha ile ndogo nyuma mpaka viwambo viwili vikalingana, na mwanamume akawa mzima. Vijana, mkiona spika imepangwa ipendeze kwa macho, iulizeni masikio yenu kwanza. Na mdomo wa pembe msiufanye mdogo kwa kuhurumia nafasi. Pembe yenye mdomo mdogo hukata sauti nene, na waimbaji wenu wote wa besi wataimba kama wameingiza vichwa kwenye ndoo.

Jumamosi moja alasiri tukazipeleka kwa mkokoteni. Umeme tuliuvuta kutoka duka la jirani, Mwarabu mmoja mkarimu aliyetaka tu kujua kama tutapiga taarabu. Sebule ya Mwalimu ilikuwa kama sebule zetu zote: viti vimeegemea kuta, katikati hapakaliwi na mtu. Kitanda cha Mama Kulwa kilikuwa ukuta wa kushoto, karibu na dirisha. Kiti cha Mwalimu kilikuwa ukuta wa kulia, wakitazamana. Nikaweka spika ukuta wa mbele, kila moja upande wake, zikitazama mbele moja kwa moja kama nilivyofundishwa. Nikawasha.

Mama Kulwa alisikiliza ubeti mzima akiwa amefumba macho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Wamejaa pale."

"Nani, mama?"

"Wote. Wamebanana kwenye hilo sanduku la karibu nami. Hakuna nafasi hata ya kuingiza mkono." Akavuta shuka. "Asante, mwanangu. Nimesikia nilichotaka kujua."

Mwalimu alinitazama. Sijapata kutazamwa hivyo tena na mtu, na sitaki.

Mnaofanya kazi hii mnajua kilichotokea. Mama alikuwa karibu mno na spika ya kushoto. Sauti yake ilimfikia mapema na kwa nguvu zaidi, na sikio likishapokea sauti iliyotangulia, wengine wote huvutwa upande huo. Kwaya nzima ilikuwa imerundikana ndani ya sanduku moja. Pengo lilikuwepo kwenye kanda. Lilikuwa limefinywa nyumbani. Nami nilijua dawa, ile ya mkuu wangu. Nikapima kwa macho, nikachora alama ya chaki katikati ya sakafu, nikasema kwa uhakika wa mtu wa serikali: "Tukihamishia kitanda hapa, kila kitu kitakaa sawa."

Salum, ambaye si Mnyamwezi, alinikanyaga mguu.

Mama Kulwa aliitazama ile alama ya chaki, kisha akanitazama mimi. "Hapo katikati?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wakae kuta zote wananitazama?"

Ndipo nilipoelewa nilichosema. Katika nyumba zetu anayelazwa katikati ya sebule, watu wakizunguka kuta, ni mmoja tu, na hasikii muziki.

"Subirini kidogo," akasema mama. "Nikishakufa mtanitandika hapo, sitabisha. Lakini leo bado napumua." Kisha akacheka, kicheko kikavunjika kwa kikohozi, na Mwalimu akaifuta alama yangu ya chaki kwa soli ya kiatu chake, pole pole, mpaka haikuonekana.

Nikaomba radhi. Nikasema labda kitanda tukihamishie tu karibu na kiti cha Mwalimu, ukuta ule.

"Na yeye akae wapi?" akauliza mama. "Tumetazamana hivi tangu niugue. Hicho kiti ndicho ninachokiona nikiamka." Akaunyoosha mkono. "Mwanangu, nikizungumza na mume wangu natazama kule. Yeye akizungumza nami anatazama huku. Sasa hayo masanduku yako mbona yanatazama mlangoni? Yanamsubiri nani?"

Nikawakumbuka ng'ombe wa Puge.

Nilimwomba Salum ashike upande mmoja. Spika ya kushoto, iliyokuwa karibu na mama, tukaigeuza ndani mpaka mdomo wake ukatazama kiti cha Mwalimu. Ya kulia tukaigeuza itazame kitanda. Mielekeo yao ikapishana mbele ya wasikilizaji. Salum alidhani nimechanganyikiwa, akasema zimegombana sasa. Lakini pembe haimwagi. Spika ya karibu na mama ilimpita pembeni, ikampungukia nguvu. Ile ya mbali ilimtazama usoni, ikampa zaidi. Kilichochelewa kililipwa kwa nguvu, na mizani ikarudi. Kwa Mwalimu upande wa pili ilikuwa vivyo hivyo. Sharti ni kwamba pembe iwe ya kuelekeza kweli, na ipungue sawasawa kwa sauti nene na nyembamba unapotoka mbele yake. Spika ya kumwaga haiwezi kazi hiyo.

Kisha tukamalizia yaliyobaki. Nikaazima kioo cha kinyozi wa jirani. Salum alikitembeza ukutani nami nimeinama kitandani kwa mama. Palipoonekana mdomo wa spika ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga ukuta na kurudi. Hapo tukatundika blanketi. Ukuta wa Mwalimu tukatundika kitenge kimekunjwa mara mbili. Tukaziinamisha spika, kwa kuwa mtu aliyelala masikio yake yako chini kuliko aliyekaa, na kwaya isingefaa kumwimbia juu ya paa.

Nikawasha tena.

Safari hii Mama Kulwa hakufumba macho. Alitazama ukuta wa mbele, kati ya spika, pasipo na kitu ila picha moja ya kalenda. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya shuka, kutoka kushoto.

"Huyu Maria," akasema. "Mafua hayajamwacha. Huyu Debora. Huyu Raheli, anachelewa kama kawaida yake." Kidole kikasogea kidogo, kikasimama. Kikarudi. Kikasogea tena. "Rudisha."

Nikarudisha kanda.

"Raheli," akasema. Kidole kikasogea juu ya uwazi wa shuka, pole pole, kama mtu anayepapasa kiti gizani. "Na Yunis yuko huku." Akakiweka kiganja chake chote pale katikati. "Mume wangu, hawajasogea."

"Nilikuambia, Tabitha."

"Uliniambia. Sasa nimesikia." Kisha kwangu: "Rudisha mwanzo, baba."

Wimbo ulipoanza mara ya tatu, Mwalimu hakuinuka kitini. Aliinua mkono wa kushoto tu, ule aliokuwa akiwaongozea sauti ya pili, na ubeti ulipofika akamwashiria aingie. Akaingia. Kwa kuwa naweka kumbukumbu sawa, siwezi kuandika kwamba sauti yake ilitoka pale kwenye pengo. Ilitoka kitandani, na ilikuwa na pumzi fupi. Lakini mimi niliyesimama mlangoni niliisikia safu ya akina mama ikiwa imetimia, na Fundi Salum, Mwislamu wa Ujiji asiyeujua wimbo ule, alivua kofia yake, akakumbuka kwamba kwao haivuliwi, akaivaa tena.

Aliimba na kanda ile kwa muda wote aliobakiwa nao. Alianza tena kula. Raheli na Yunis wakawa wanakuja baada ya ibada, wanakaa ukutani, wanajisikiliza wenyewe na kugombana nani aliharibu ubeti wa mwisho.

Alipofariki, tulimlaza katikati ya sebule, na spika zilikuwa zimefunikwa. Jumapili iliyofuata mazishi Mwalimu alisimama mbele ya kwaya, akawatazama akina mama, akasema, "Sogeeni." Hakurudia. Wakasogea, na tangu hapo safu ile haijawa na uwazi. Kwenye kanda peke yake ndiko hawajasogea.

Ninyi mmewasogeza. Najua mlifanya kwa nia njema, na kwamba hakuna aliyewaambia. Nami nimewaambia sasa. Ile kanda yenyewe bado mnayo, na njia zake mbili ni nzima. Ihamisheni upya. Zitoeni spika stoo, zipanguseni vumbi, zipishanisheni kama nilivyoeleza, mkae ukutani kama watu wa hapa. Kisha, vijana wangu, warudisheni akina mama mahali pao.